WATI 10,000 ZA UONGO: CHALII WA SOKON I ANACHEKWA BURE, WANAOMCHEKA NDIO HAWAJAWAHI KUSIKIA MUZIKI

Kuna chalii mmoja wa Sokon I, jina kapuni, ambaye wiki hizi mbili amegeuka kichekesho cha kitaa. Kosa lake ni moja tu. Aliuza TV yake ya nchi 43, akaongezea vijisenti vya kibaruani, akanunua amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa za mbao. Mshikaji wake akaipiga picha ile mashine, akaitupa kwenye grupu la WhatsApp, na hapo sherehe ikaanza.

Wengine wakasema kanunua jiko la umeme. Wengine wakauliza kama mashine imekuja na mzee wake ndani. Dada mmoja anayejulikana sana mtandaoni kwa video za vichekesho akatengeneza klipu nzima, kavaa kofia ya babu, anageuza kitufe kikubwa huku anatikisa kichwa. Halafu msanii mmoja mwenye jina lake mjini akapita kwenye komenti na kumaliza mchezo kwa maneno mawili: "Simu inatosha." Watu wakamwaga emoji za kucheka mpaka asubuhi.

Sasa ngoja ukweli usemwe. Wote hao wamekosea, na wamekosea vibaya. Huyo chalii hajanunua redio ya kizamani. Amerudishiwa nyimbo zake, zile alizodhani anazijua. Wanaomcheka wanaishi na nyimbo nusu na hawajui kama ni nusu, na aliyewapa nusu hiyo anawaambia inatosha.

KWANZA, HAYO MAWATI

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme hapa mjini uulize sabufa. Boksi litakuwa na namba kubwa kuliko jina la kampuni: 8,000W, 10,000W, 12,000W. Muuzaji atakwambia hiyo ni mashine ya harusi. Pembeni ya hiyo namba, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kutakuwa na herufi nne: PMPO.

Hizo herufi nne ndizo zinazokula hela za watu. PMPO ni namba inayodai kuonyesha nguvu ya mashine kwa kitambo kidogo mno, na hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuipata. Kila mtengenezaji anajiandikia anachotaka. Namba ya kweli inaitwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo wimbo mzima bila kufa. Hiyo mara nyingi haipo kwenye boksi, na ukiiuliza unaambiwa "bro, wewe washa tu usikie."

Kama unabisha, igeuze sabufa yako sasa hivi. Nyuma kuna kibandiko kinachoonyesha umeme inaovuta ukutani. Usishangae kukuta wati 40, 60 au 80. Mashine inavuta 60 halafu mbele imeandikwa 10,000. Kwa hesabu ya darasa la nne tu, ukichota ndoo moja bombani huwezi kwenda kumwaga ndoo mia nyumbani. Hiyo mashine ingekuwa inatoa wati 10,000 kweli, LUKU ya mwezi mzima ingeisha kabla hujamaliza albamu chache.

Na hata hizo wati zenyewe nani aliwadanganya watu kwamba zinahitajika nyingi hivyo? Spika nyingi za kawaida za nyumbani, ukizipa wati 1 tu, mtu aliyekaa mita moja mbele yake anapata sauti ya karibu desibeli 87 mpaka 90. Hiyo ni sauti ya kutosha kabisa kwa chumba na sebule. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili muziki usikike mkubwa maradufu inabidi uzidishe wati karibu mara kumi.

Kwa hiyo nguvu ya amplifaya kazi yake nini? Kazi yake ni akiba. Wimbo haukai kwenye kiwango kimoja. Mwimbaji ananong'ona, halafu ghafla ngoma inapigwa, na kwa sekunde ndogo sana hiyo ngoma inataka nguvu nyingi kuliko sauti yote iliyotangulia. Amplifaya yenye akiba inaitoa nguvu hiyo na kutulia. Ile dhaifu inafika mwisho wa uwezo wake, inashindwa, na mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa kama majani yaliyopitiwa na fyekeo. Hicho kitu mafundi redio wa mjini wanakiita kukoroma. Besi inageuka "bvvv" na sauti ya mwimbaji inapasuka. Ukiendelea kubishana nayo, spika ndogo ya sauti kali inaungua, halafu unarudi dukani kununua sabufa nyingine ya wati 12,000.

Huyo chalii alitumia sabufa ya aina hiyo miaka sita. Miaka sita nyimbo alizozipenda zilikuwa zinakatwa vichwa kila zikifika sehemu tamu.

USIKU WA KWANZA ULIKUWA WA AIBU

Kuna sehemu ya habari hii ambayo watani hawaijui, na wangeijua wangecheka zaidi. Usiku wa kwanza mashine ilipowaka, muziki ulikuwa mbaya.

Chalii alichomeka flashi yake yenye nyimbo mia tatu na kitu, akakaa, akasikiliza, akaduwaa. Nyimbo nyingi zilisikika kama zinaimbwa ndani ya ndoo. Matoazi yalikuwa kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Akadhani ameuziwa kimeo. Akambeba fundi mmoja wa redio kutoka Kaloleni, mzee wa makamo, aje aangalie. Mzee akasikiliza nyimbo tatu, akacheka, akamwambia mashine ni nzima, mgonjwa ni flashi.

Na mzee alikuwa sahihi. Amplifaya nzuri ni kama taa kali jikoni, inaonyesha chakula na mende pia.

Hebu angalia hizo nyimbo zilivyofika kwenye flashi. Sidii ya kawaida inabeba kilobiti 1,411 za sauti kwa kila sekunde. Wimbo wa dakika nne kwenye sidii ni kama megabaiti 42. Huohuo wimbo ukigeuzwa MP3 ya kilobiti 128, ile iliyotawala simu za mjini miaka yote, unabaki na megabaiti 4 hivi. Yaani katika kila sehemu kumi na moja, kumi zimetupwa. Kwa haki kabisa, MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa kilobiti 320 ni ngumu kuitofautisha na sidii, hata kwa wataalamu. Shida ni kwamba nyimbo za kitaa hazijageuzwa mara moja. Mtu kauvuta wimbo YouTube kwa programu ya bure, kaugeuza MP3, mwingine kaupunguza uzito ili utoshee kwenye memori kadi, mwingine kautuma WhatsApp, mwingine kaurekodi tena kutoka kwenye video yenye sauti ya DJ anayetaja jina lake katikati. Kila hatua imeuma kipande. Ni kama kutoa kopi ya kopi ya kopi ya cheti: mwishoni unaona muhuri tu, jina halisomeki.

Sabufa mbovu ilikuwa inaficha hayo yote kwa mingurumo. Mashine nzuri ilimvua nguo.

Ndipo kazi ikaanza. Chalii akaanza kutafuta nyimbo zake upya, moja baada ya nyingine. Dada yake mkubwa alikuwa na sidii kwenye sanduku, zilizoachwa tangu enzi za sekondari. Mzee wa jirani alikuwa na kaseti. Nyingine akazilipia kwenye programu za muziki, kwa hela ambayo zamani ilikuwa inaishia kwenye bando la kuangalia ugomvi wa watu. Na hapo ndipo alipokaa chini, mdomo wazi, usiku mpaka saa saba, sauti ikiwa ndogo kiasi kwamba mpangaji wa chumba cha pili hakujua kama kuna redio imewashwa.

ALICHOKIKUTA HUMO NDANI

Chukua muziki wa dansi. Mlimani Park Orchestra, Sikinde, waliozaliwa mwaka 1978. Kizazi cha sasa kinawajua kama "nyimbo za wazee", zile zinazopigwa Jumapili baba akiwa anakula. Kwenye spika ya simu Sikinde ni sauti ya mtu anayeimba na kitu kinachokwaruza nyuma yake. Kwenye spika mbili zilizoachana mita mbili, hicho kinachokwaruza kinakuwa magitaa, tena si moja. Kuna solo, kuna ridhimu, kuna jingine linapita katikati yao kama kondakta ndani ya kifodi kilichojaa, na kila moja lina njia yake. Chini kuna besi inayotembea na kuuliza maswali. Halafu matarumbeta yanaingia na chumba kinapanuka.

Bendi nyingi za wakati ule zilirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Hakukuwa na kompyuta ya kumnyoosha aliyekosea. Aliyekosea alikosea mbele ya wenzake, ikabidi wote warudie. Ndiyo maana ukiisikia vizuri unasikia watu wanasikilizana. Simu haiwezi kukupa hicho kitu, kwa sababu imewabana wote kwenye tundu moja dogo.

Njoo sasa nyumbani. Arusha hii imelea hip hop ya nchi hii, hilo halina mjadala. X Plastaz walianzia hapa miaka ya 1990, wakachanganya kurap na uimbaji wa Kimaasai kabla mtu yeyote hajaona kuwa ni kitu cha kuvaa kwenye video. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004. Lebo iliyoitoa ni Out Here Records ya Ujerumani. Miaka miwili baadaye, 2006, Faza Nelly wa kundi hilo akafariki.

Sasa fikiria kejeli iliyopo hapo. Mzungu wa Munich alinunua ile albamu kwenye sidii safi, akaiweka kwenye redio yake nzuri, akaisikia ile sauti ya Kimaasai inavyotoka kifuani na kuutetemesha ukuta. Kijana wa Ngarenaro, Unga Limited au Sokon I, ambaye mtaa wake ndio ulioizaa, anaijua kama kopi ya kilobiti 64 yenye sauti ya nyuki. Halafu huyo kijana anaambiwa hip hop ya zamani ya Chuga "ilikuwa na sauti mbovu." Hiyo si sauti ya hip hop ya Chuga, ni sauti ya flashi yako.

Hiki ndicho kinachouma kweli kwenye habari nzima, na ndicho wanaocheka wasichokiona. Kopi mbovu ikizunguka kwa muda mrefu, inageuka kuwa ndiyo wimbo wenyewe. Watoto wanaokua leo wanadhani hivyo ndivyo ulivyorekodiwa. Na kama wote wanaamini ulirekodiwa vibaya, hakuna atakayeuliza kopi safi iko wapi. Hakuna atakayemuuliza prodyuza kama bado anazo tepu au diski za mwaka ule, na hakuna atakayelipa hata shilingi mia tano kuipata. Diski inaota kutu kabatini na tepu inaota ukungu. Marehemu anakuwa amefariki mara ya pili, na safari hii hakuna msiba.

Chalii mmoja anayekaa geto kwake anatafuta kopi nzuri ya wimbo wa Arusha wa mwaka 2004 anafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na watu wenye ofisi.

"SIMU INATOSHA" NI KAULI YA MTU ANAYEKUDHARAU

Turudi kwa mheshimiwa msanii. Simu inatosha, kasema. Inatosha kwa nani?

Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa sauti ya hezi 41. Sikio la binadamu linasikia kuanzia hezi 20 hivi mpaka 20,000. Spika ya simu ni ndogo kuliko kidole gumba, na chini ya hezi mia kadhaa haitoi kitu cha maana. Yaani msingi wa besi haupo pale. Ubongo unajitahidi kuubuni kutokana na mabaki ya juu yake. Wewe unadhani unasikia besi, kumbe unaikumbuka.

Hata ile spika moja ya Bluetooth inayowaka taa, fahari ya kila pikiniki, mara nyingi inachukua sauti ya kushoto na ya kulia na kuzikoroga pamoja kama uji. Prodyuza kakaa siku mbili anapanga gitaa liwe huku, waitikiaji wawe kule, mwimbaji abaki katikati. Wewe ukazikoroga.

Mtu ambaye anatengeneza muziki analijua hili vizuri. Ana studio. Ana spika za maana za kusikilizia kazi yake. Akiwa peke yake haisikii kwenye simu. Akija kwa mashabiki ndio anasema simu inatosha. Hiyo ni sawa na mama ntilie anayepika pilau lake binafsi kwa nyama ya kuchagua, halafu wateja anawapa ukoko na kuwaambia ukoko nao una ladha yake.

Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini nyimbo nyingi za sasa ziko hivi zilivyo. Hela inakwenda kwenye video, kwenye magari ya kukodi, kwenye mavazi, kwenye kumlipa mtu mwenye wafuasi wengi acheze sekunde 15. Wimbo wenyewe unamiksiwa usiku mmoja na kubanwa mpaka sauti yote iwe juu mwanzo mwisho, isipumue popote, ili ukitoka kwenye simu usikike kwa nguvu kuliko wa jirani. Kichekesho ni kwamba hata hiyo mbio haina tuzo tena, kwa sababu YouTube na Spotify zinazipunguza zenyewe nyimbo zilizozidi kelele ziwe sawa na nyingine. Kwa hiyo wimbo umenyongwa bure.

Wapo maprodyuza na wasanii wa nchi hii wanaofanya kazi safi, tena wengi. Kwenye mashine ya huyo chalii wanajulikana ndani ya dakika moja. Na wale wa usiku mmoja nao wanajulikana. Labda ndiyo maana kuna mtu hapendi mashine nzuri ziongezeke mitaani.

"HIYO NI ANASA YA WENYE HELA"

Hoja nyingine iliyopigiwa makofi kwenye grupu ilikuwa hii: maisha magumu, mtu anauza TV anunue redio, si uchizi?

Wenye hoja hii wamkumbuke Remmy Ongala. Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy, watu wanashuka kila siku bila kujiuliza. Mzaliwa wa Kongo, akafanya maisha na muziki Dar es Salaam na bendi yake ya Super Matimila, akaimba kuhusu watu wasio na kitu mpaka akaitwa sauti ya mnyonge. Mwaka 1989 alitoa albamu inayoitwa Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya maskini. Mojawapo ya nyimbo zilizomo ni hiyohiyo "Sauti ya Mnyonge". Ilirekodiwa wapi? Uingereza, kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, studio ya kiwango cha juu kabisa duniani. Mwaka 1992 akatoa nyingine, Mambo.

Remmy hakusema kwa kuwa hawa ni maskini basi sauti yoyote inawatosha. Nyimbo za maskini zilirekodiwa kwa mashine za kifalme. Maskini ndiye aliyekuja kuzisikiliza kwenye tundu la simu, kisha akaambiwa kutaka zaidi ni kujidai.

Na bei yenyewe sasa. Amplifaya ya mtumba na spika zake zimemgharimu chalii pungufu ya simu ambazo nusu ya wanaomcheka wanazo mfukoni. Simu itabadilishwa baada ya miaka miwili kwa sababu kamera imekuwa ya zamani. Amplifaya ile imetengenezwa kabla mwenyewe hajazaliwa na bado inafungika kwa bisibisi, fundi anaibadilisha kipuri na maisha yanaendelea. Nani hapo ana anasa?

Tahadhari tu kwa wanaotaka kufuata nyayo. Mashine nyingi za mtumba zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambako umeme ni volti 100. Huku kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utapata moshi, sio muziki. Inataka transfoma ya kushusha umeme. Soma kibandiko cha nyuma, na ukiwa huna uhakika mlipe fundi aje na kipimo chake. Hela ya fundi ni ndogo kuliko hela ya kilio.

NA MABOSI NAO WASIJIFICHE

Isije ikadhaniwa kuwa hapa anasifiwa kila mwenye redio kubwa. Kuna bosi mmoja wa Njiro, naye jina kapuni, ana mashine sebuleni ya mamilioni. Waya tu wa spika ni bei ya bodaboda. Wageni wakija anaiwasha dakika tano, anataja bei, anaizima, anarudi kwenye mpira. Nyimbo anazoziwekea ni zilezile nne kila mwaka.

Huyo naye ni walewale. Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Richard Clark aliyeweka dau la dola 10,000 kwa mtu yeyote atakayeweza kutofautisha amplifaya mbili kwa masikio peke yake, mradi zote ni nzima, zimewekwa kwenye sauti sawa na hazijasukumwa mpaka zikorome. Watu walijaribu kwa miaka mingi. Dau halikuchukuliwa.

Maana yake ni nini? Ukishavuka mstari wa mashine inayofanya kazi yake bila kukoroma, hela inayobaki inanunua sifa. Chalii wa Sokon I amevuka mstari huo kwa bei ya mtumba. Bosi wa Njiro ameuvuka mstari, akaendelea kukimbia peke yake gizani.

Tofauti yao kubwa ni kwamba chalii anakaa chini na kusikiliza. Na kwa kweli hilo ndilo lililobadilika zaidi kuliko waya na vitufe. Muziki siku hizi ni kitu cha kufulia nguo, cha kuendeshea boda, cha kuweka chini ya video ya mtu anakula chipsi. Ukiwa na spika mbili zimesimama mbele ya kiti kimoja, lazima ukae. Ukikaa unasikia maneno. Ukisikia maneno unagundua wimbo ulioucheza klabu miaka mitano ulikuwa wimbo wa kilio.

MAJIRANI WAMESHINDA PIA

Wapangaji wenzake walitangaza vita siku spika zilipoteremshwa kwenye toyo. Walijua usingizi umekwisha. Leo wao ndio wanaomtetea.

Sababu ni rahisi. Mwenye sabufa mbovu anaongeza sauti kwa sababu hasikii maneno. Anaongeza, inakoroma, anaongeza tena ili aushinde mkoromo. Mtaa mzima unapata "dum dum" mpaka saa nane, na hakuna hata mmoja anayejua ni wimbo gani. Mwenye sauti safi anasikia kila kitu ikiwa chini. Baa ngapi za mjini zimefuatwa na NEMC kwa sababu ya kelele? Ukiingia humo ndani, mziki wenyewe hauelewi, na mhudumu anasoma midomo ili ajue umeagiza nini.

Masikio nayo hayana spea. Shirika la Afya Duniani limeshasema kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti iliyozidi. Kiwango linachokiona salama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kadiri unavyopanda juu ya hapo, muda salama unapungua kwa kasi. Ile hali ya kutoka kwenye shoo masikio yanapiga filimbi si dalili kwamba shoo ilikuwa kali. Ni sikio linaomba msaada.

SASA WANAOCHEKA WAFANYE HIVI

Hakuna anayelazimishwa kuuza TV. Lakini kabla ya kutuma emoji nyingine kwenye lile grupu, fanya mambo machache ambayo hayana gharama.

Geuza sabufa yako, soma wati za nyuma, kisha soma za mbele. Ukimaliza, nenda kamuulize aliyekuuzia. Zima zile ekolaiza za "super bass" zote, rudisha vitufe katikati. Zile spika ndogo mbili za pembeni, ambazo kwa watu wengi zimepangwa juu ya sabufa kama vyungu, ziachanishe kushoto na kulia, usawa wa masikio, kisha ukae katikati. Chukua wimbo mmoja tu unaoupenda kupita yote, utafute kopi yake halali iliyo safi, ulipie, uusikilize mara moja bila kushika simu.

Kama baada ya hapo bado unaona simu inatosha, basi cheka kwa raha zako. Ila wengi hawatacheka. Wengi watakaa kimya kama alivyokaa yule mshikaji aliyepiga picha ya kwanza. Alikwenda geto kwa chalii Jumamosi iliyopita kutafuta kichekesho kingine cha kuposti. Akawekewa wimbo mmoja wa marehemu, wa mwaka ambao wote wawili walikuwa hawajaanza shule. Hakuposti kitu. Aliomba urudiwe.

Na kwa mheshimiwa msanii wa "simu inatosha", swali ni moja tu: ile kopi safi ya wimbo wako wa kwanza, ule uliokutoa, unayo? Kama huna, nani anayo? Na kama hakuna anayeijua ilipo, miaka ishirini ijayo watoto wako watakusikia kwa sauti ipi?

Wadau, mnasemaje? Na wenye sidii za zamani za Chuga ndani ya masanduku, msizitupe.